Mhandisi Tusajigwe Mwasomola na Jenereta ya Kilimani Goba

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wafanyakazi wenzake marehemu wa Kampuni ya Upeo, ndugu mliosafiri kutoka Rungwe na kutoka Rombo, majirani zetu Wakristo na Waislamu wa hapa Goba, poleni sana, na ahsanteni kwa kufika. Naitwa Sebastian Mwasomola, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake mbele yenu. Shemeji yangu Didas ameniomba nisiruke lolote, hata yale yanayomhusu yeye mwenyewe, kwa hiyo nitasoma kama alivyoagiza.

Marehemu Tusajigwe Ambilikile Mwasomola, ambaye wengi hapa mlimzoea kwa jina la Mama Godi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika kijiji cha Masoko, Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ambilikile Mwasomola, mkulima wa chai na ndizi ambaye tuko naye hapa mbele, na mama yetu mpendwa marehemu Subilaga. Jina lake kwa Kinyakyusa maana yake ni tumebarikiwa, na alipewa kwa sababu alizaliwa mzima baada ya mama kuugua ujauzito wote.

Alipata elimu ya msingi hapo hapo Masoko kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Akiwa darasa la tano bibi yetu mzaa mama alifariki Kyela, na kwa kuwa simu ya karibu ilikuwa posta ya Tukuyu, na mtu aliyetumwa na habari alikwama njiani kwa mvua, taarifa ilitufikia bibi akiwa ameshazikwa. Dada hakulisahau jambo hilo, na baba anakumbuka alivyouliza, "Sasa waya wa simu ungefika hapa kwetu, tungemuona bibi?" Alipojibiwa ndiyo, akasema basi yeye atakuwa fundi wa simu, watu wazima wakacheka.

Alisoma sekondari ya wasichana Loleza, Mbeya, kuanzia 1989 hadi 1992, kisha kidato cha tano na sita Kilakala, Morogoro, na mwaka 1995 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu Shahada ya Uhandisi wa Umeme mwaka 1999. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni moja ya simu za mkononi kama fundi wa mitambo ya umeme minarani, wakati huo simu za mkononi zikiwa bado ni kitu cha kuonyeshea watu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mnara unawaka, ukiwa na umeme wa kawaida au bila.

Ni katika kazi hiyo alipokutana na Didas Shirima, kijana wa Rombo aliyekuwa mhasibu wa kituo cha mafuta Kipawa, kituo ambacho marehemu alikwenda siku moja akiwa amekasirika, ameshika chupa ya dizeli, akidai imechanganyika na maji na imemuulia jenereta. Didas alimtazama, akaitambua lafudhi yake, akamwambia, "Dada, hii ni dizeli, siyo chai ya kwenu Tukuyu, huwezi kuijua kwa kuiangalia tu." Marehemu akaiweka chupa mezani, akavuta kiti, akakaa kusubiri maji yajitenge, na yalipojitenga Didas akaomba radhi, na akaomba na namba ya simu. Ndoa yao ilifungwa tarehe 20 Julai 2002, Kipawa, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Godlisten, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2003, na Lugano, aliyezaliwa tarehe 27 Mei 2007.

Shemeji aliacha uhasibu akaanza biashara yake ya kusambaza dizeli, akanunua lori moja la tangi, baadaye la pili, na mwaka 2011 familia ikahamia hapa Goba katika nyumba hii mnayoiona. Mwaka 2013 marehemu alihamia Kampuni ya Upeo, inayomiliki minara na kuikodisha kwa kampuni za simu, akawa msimamizi wa umeme wa minara yote ya Dar es Salaam na Pwani. Malori ya mumewe nayo yalikuwa yakipeleka mafuta kwenye baadhi ya minara hiyo kupitia wakala, jambo ambalo alilitamka ofisini siku ya kwanza, na akaomba asihusishwe kabisa na masuala ya mafuta ya minara hiyo. Ofisini waliridhika, ila huku mtaani maneno hayakukosekana, na yapo aliyoyasikia kwa masikio yake akiwa gengeni, kwamba mume anauza mafuta na mke anayachoma.

Mnara wa hapa kilimani mnaujua. Kwa miaka mingi ulikuwa unaendeshwa na jenereta mchana na usiku, kwa sababu umeme ulikuwa haujafika kule juu, na hata ulipofika ulikuwa dhaifu. Nyumba iliyopakana na uzio wake ni ya Bi Zubeda na marehemu Mzee Khalfani, ambao walijenga pale kabla ya mnara, na Mzee Khalfani alikuwa na maradhi ya kifua. Mwishoni mwa mwaka 2018 Bi Zubeda alishuka hadi hapa nyumbani, akakaribishwa sebuleni, akakataa soda, akasema, "Mama Godi, mie sikuja kugombana. Njoo ukae kwangu mchana mmoja tu, halafu utaniambia mwenyewe kama pale pana maisha."

Dada alikwenda Jumamosi. Alikaa barazani kwa Bi Zubeda kuanzia saa nne hadi adhuhuri, akaona kanzu nyeupe zilizoanikwa zikikusanya masizi, akaona watu wa nyumba ile wanazungumza kwa kupaza sauti kama wako mashineni, na simu yake iliita mara kadhaa mfukoni asiisikie. Mzee Khalfani alikuwa ndani, madirisha yamefungwa na joto lile, anakohoa. Dada alituambia baadaye kwamba kilichomuumiza ni kuwa amepita pale miaka yote, akakagua mashine, akaandika saa ilizofanya kazi, akaondoka akijua kila kitu kiko sawa.

Jumatatu alipeleka pendekezo ofisini, kwamba mnara ule uendeshwe kwa sola na betri za kisasa, kwamba chumba chenye kiyoyozi kiondolewe na mitambo iwekwe ya aina inayovumilia kukaa nje ikapozwa na upepo, maana kiyoyozi peke yake kilikuwa kinakula karibu nusu ya umeme wote, na kwamba saa ambazo watu wamelala na simu ni chache, sehemu ya mitambo nayo ilale. Wakubwa walisita, wakahofia mtandao kukatika, na mwishowe wakakubali nusu, yaani sola na betri tu, chumba na kiyoyozi vibaki kama vilivyo ili kupunguza gharama. Dada aliwaambia nusu haitatosha wakati wa masika. Wakamwambia ajaribu hivyo hivyo.

Jioni ya siku waliyokubali alimweleza mumewe mezani, watoto wakiwepo, kwa sababu hakutaka ayasikie kwa madereva wake. Didas aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo mnara wa hapa ukimaliza, unahamia wa Mbezi, halafu wa Chanika, halafu Mbagala," alisema. "Na mie na malori yangu? Watoto watakula jua?" Dada alimjibu kwamba watakula kama wanavyokula siku zote, na kwamba wawili wao hawajawahi kushindwa kutafuta. Shemeji anasema jibu hilo lilimuudhi kuliko kama angejibiwa vibaya. Kwa miezi kadhaa nyumba hii ilikuwa ya kupitishiana chumvi na kuulizana habari za ada, basi, na Lugano, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alimpigia simu baba yetu Masoko kumuuliza kama babu anaweza kuja kuwaambia wazazi wake waongee.

Paneli ziliwashwa Februari 2019, jenereta ikakaushwa mafuta na kufungwa kofuli, na kwa wiki kadhaa za jua mambo yalikwenda vizuri. Aprili mvua zikaanza, mawingu yakatanda siku baada ya siku, betri zikawa hazijai, kiyoyozi kinaendelea kula, na mchana mmoja mnara ukazima, kilima kizima kikakosa mtandao. Mchana huo huo Hamida, binti wa Bi Zubeda, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Walipiga simu ya dereva wa bajaji wao, haikutoka, wakapiga ya muuguzi, haikutoka, ikabidi mumewe Suhaib ateremke kwa miguu kwenye tope hadi barabarani kutafuta gari, na alipolipata halikuweza kupanda, Hamida akashushwa akiwa amebebwa kwenye kiti cha plastiki. Walifika kituo cha afya kwa neema tu. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akaitwa Twalib, na mama yake alikuwa mzima.

Marehemu alikuwa kule juu kwenye uzio wakati hayo yanatokea, amelowa, akihangaika na betri, na hakujua lolote mpaka jirani alipomweleza. Alikaa chini kwenye tope. Alikuwa amejiunga na kazi hii ili habari zisichelewe kumfikia mtu, na sasa kwa mkono wake mwenyewe amekifungia simu kilima kizima, binti wa watu nusura afe. Ofisi iliagiza jenereta irudishwe mara moja, wakala akaagizwa apeleke mafuta, na lori lililokuwa karibu lilikuwa la Didas, ambaye siku hiyo, dereva wake akiwa na homa, aliendesha mwenyewe, na kwa tairi zake kubwa lori likapanda pale gari dogo liliposhindwa.

Shemeji alimkuta mkewe pale chini. Alimimina mafuta, fundi aliyekuwa naye pale akawasha. Alikuwa ameuza dizeli ya mnara ule kwa miaka, ila hakuwahi kusimama pale mashine ikiwa inanguruma. Moshi ulitoka mweusi na mvua ikaukandamiza chini, ukaelekea moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Khalfani, na shemeji akamuona mzee anatolewa nje kwenye mvua na mjukuu wake, kwa sababu ndani hapakaliki, kanga mbichi imemfunika pua na mdomo. Aligeuka akamuuliza mkewe, "Kumbe ndo hivi?" Dada akajibu, "Ndo hivi, Baba Godi, kila siku." Shemeji alikwenda kumshika mzee mkono wa pili, wakampeleka nyumba ya chini, na aliporudi alimvisha mkewe koti lake, akamwambia, "Haya nieleze. Hiyo nusu waliyoikataa ni ipi?" Walikaa ndani ya lori, vioo vimefungwa, wakaongea mpaka magharibi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuongea tangu Desemba.

Kesho yake dada alikwenda kwa Bi Zubeda kuomba msamaha, akitarajia kutukanwa, na alikuwa tayari kutukanwa. Bi Zubeda alimpakatisha mtoto. Wiki iliyofuata palikuwa na mkutano ofisi ya serikali ya mtaa, wakubwa wa Upeo walikuja wakiwa na hakika kwamba wananchi watadai sola iondolewe, na kweli wapo waliosimama wakalalamika kwa hasira, mpaka Bi Zubeda aliponyoosha mkono. Alisema, na wengi wenu mlikuwepo, "Mjukuu wangu kazaliwa simu zimezima. Kama kuna mwenye haki ya kukasirika hapa, ni mie wa kwanza. Lakini huyu mama aliwaambia tangu mwanzo nusu haitatosha, nyie mkampa nusu. Sie hatutaki mtandao uzimike, na wala hatutaki kufa kwa moshi. Mpeni amalizie kazi yake."

Walimpa. Chumba kilibomolewa, kiyoyozi kikaondoka, mitambo ikawekwa nje, betri zikaongezwa, na laini bora ya umeme ikavutwa hadi kilimani kusaidiana na sola. Tarehe 16 Agosti 2019 jenereta ilizimwa baada ya swala ya Ijumaa, watu wakasimama wanatazamana, kwa sababu kwa mara ya kwanza walisikia kuku wa nyumba ya tatu. Mzee Khalfani alifungua dirisha mwenyewe, akaita kwa nguvu kama alivyozoea, "Zubeda! Ile kelele imezimwa, au mie ndo nshakuwa kiziwi?" Bi Zubeda akamwambia, "Imezimwa, na usinipigie kelele, nakusikia." Dada alicheka mpaka akatoa machozi, na shemeji anasema aliporudi nyumbani siku hiyo alilala mchana kwenye kochi na viatu miguuni, usingizi wa mtu aliyeshusha mzigo. Masika ya mwaka uliofuata mvua zilikuwa kubwa kuliko zile, na mnara haukuzima hata mara moja.

Kutoka hapo kazi ilikwenda Mbezi, Chanika, Mbagala na Kigamboni. Huko Temeke palikuwa na minara miwili iliyosimama karibu karibu, ya kampuni mbili zilizokuwa hazielewani, kila mmoja na jenereta yake, na dada aliwakalisha wahusika meza moja mara nyingi kiasi kwamba walichoka kumkatalia, wakaunganisha mitambo kwenye mnara mmoja na mwingine ukashushwa, uwanja wake sasa watoto wanachezea mpira. Palibaki suala la betri za zamani, zile nzito za madini ya risasi, ambazo watu wa vyuma chakavu walikuwa wakizinunua na kuzipasua uani, tindikali inamwagika pale wanapocheza watoto. Marehemu alikataa betri hata moja itoke kwa njia hiyo, akasisitiza zipelekwe kiwanda chenye kibali cha kuziyeyusha, na kampuni ikatangaza kutafuta msafirishaji. Shemeji aliomba kazi kama waombaji wengine, dada akatoka kwenye chumba cha uamuzi, na wenzake wakampa. Mwaka 2021 matangi yaliondolewa kwenye malori yale mawili, malori yakawekewa bodi lililozibwa vizuri la kubebea betri, na ndiyo yanayosomesha watoto hadi leo. Madereva wake wote bado wanafanya naye kazi, na wapo hapa.

Mzee Khalfani aliishi miaka minne mingine, dirisha wazi, na alipofariki, simu ya kwanza Bi Zubeda aliyopiga ilikuwa ya nyumba hii.

Marehemu alianza kusikia maumivu ya tumbo Novemba 2023. Mwanzoni alidhani ni vidonda vya tumbo, na Januari 2024 vipimo vikaonyesha saratani ya ovari, ikiwa imeshasambaa. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa kali za saratani kwa mizunguko, akapata nafuu kiasi cha kurudi kazini kwa muda na kumsindikiza Godlisten kwenye mahafali yake, kisha Mei mwaka huu wa 2025 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Hatutaficha kwamba Juni na Julai zilikuwa ngumu, maumivu yalikuwa hayaelezeki, na wengine wetu tulikuwa tunatoka nje ili asituone. Mwezi Agosti tulipata nesi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu, aliyekuja hapa nyumbani, akampangia mofini ya maji, na kuanzia siku hiyo uso wa dada ulirudi kuwa uso wake. Alikula uji, alimtania baba, alimfundisha Lugano kupika ndizi za Kinyakyusa kwa maneno tu, akiwa kitandani, akilalamika kwamba harufu inayotoka jikoni siyo yenyewe. Tulipewa wiki kadhaa ambazo hatukuzitarajia, na tunamshukuru Mungu kwa wiki hizo kuliko tunavyoweza kusema.

Jumapili jioni alimwambia mumewe amnyanyue kidogo aweke mgongo kwenye mto. Akasema, "Baba Godi, nimechoka. Lakini nimechoka vizuri, usiwe na wasiwasi." Shemeji anasema hakuona hofu machoni pake. Alifariki usingizini asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, hapa nyumbani Goba, mumewe na watoto wote wawili wakiwa chumbani, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Ameacha mume, watoto wawili, baba mzazi, na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomtibu, na kwa namna ya pekee nesi yule aliyetuondolea maumivu yake, na yetu. Tunaishukuru Kampuni ya Upeo, iliyomlipia matibabu na kumhesabu kuwa mfanyakazi hadi siku ya mwisho, na mafundi wa minara walioomba wenyewe kubeba jeneza. Tunamshukuru Baba Paroko na jumuiya ndogo ndogo waliomletea Komunyo kila wiki. Tunawashukuru majirani, na kama mnashangaa chakula cha watu wote hawa kimetoka wapi, ni Bi Zubeda, Hamida na kina mama wa kilimani, walioingia jikoni tangu Jumanne na kutuambia sie wenye msiba tukae chini tulie. Kwa wote ambao hatukuwataja, mtuwie radhi, mioyo yetu inawajua.

Dada yetu, mke, mama, mtoto wa Mzee Ambilikile, maumivu yamekwisha, kazi uliyopewa uliifanya yote, hukukubali nusu. Nasi tunalia, ila tunalia tukiwa tumepumua. Lala sasa, Tusajigwe, pumzika kwa amani.